Shingo ya Asteria Kanisani

Hebu mtazame huyo anayeingia kanisani, ndugu yangu. Miguu inakwenda mbele, altare iko mbele, lakini uso umeelekea kushoto kama mtu aliyeitwa na jirani. Ndiye Asteria, mchapaji wa stesheneri ya Moiz, pale Bagamoyo mjini.

Shingo ile haikukaza kwa siku moja. Moiz ana sharti lake: "Mteja asikute kisogo, dada Asteria. Akiingia mzee, apewe shikamoo uso kwa uso." Basi meza ikaelekezwa mlangoni, kompyuta ikapandishwa kabatini, mkono wa kushoto. Kiwiliwili kinapokea wateja, kichwa kinachapa barua zao. Hata shingo ikachoka kwenda na kurudi, ikahamia huko huko. Na macho, kwa kukodolea kioo kutwa, yakawa yanawasha. Anapepesa, anapepesa tena.

Sasa, Asteria ni mwanakwaya, na kushoto mwa kwaya huketi nani? Mwalimu Vedasto wa Kaole, mseja, mtu wa haya zake. Mwanzo aligeuka nyuma kuangalia nani anakonyezwa. Jumapili iliyofuata akaja na shati la pasi. Baadaye, ibada ilipokwisha, akaja na kikapu cha kamba wabichi.

"Dada Asteria, ujumbe nimeupata."

"Ujumbe gani tena, mwalimu?"

"Basi, basi. Watu wazima tunaelewana."

Asteria alitaka kutikisa kichwa kukataa. Shingo ikagoma. Vedasto akaondoka anapiga mluzi.

Clara, muuguzi anayeimba naye kwaya, aliposimuliwa nusura aketi chini kwa kicheko. "Mwenzangu, huumwi mapenzi, unaumwa meza! Kioo kiwe mbele yako, usawa wa macho. Uwe unanyanyuka, unatazama mbali. Na ukipepesa, wapepesee wote, usibague!"

Moiz alinung'unika, lakini meza ikageuzwa. Polepole shingo ikalegea, macho yakatulia. Jumapili ikafika Asteria akaimba anamtazama padri, wima kama mshumaa.

Kule kushoto shati lilikuwa na makunyanzi. Mluzi hakuna.

Na Asteria, wa watu, akagundua kwamba kamba wale aliwala kwa furaha, na kwamba upande ule anautamani. Lakini leo akigeuka, hana ugonjwa wa kusingizia. Kanisa zima litajua ni yeye mwenyewe.

Wewe ungegeuka?