Gari Lililonukia Utamu

Mzee huyu pale gereji wamemwita Pua miaka mingi, na si kwa ukubwa wake, ingawa nayo si haba. Ukimletea gari linalonuka, ataingia, atafunga vioo, atavuta pumzi. Akitoka anakwambia mkanda wa injini unaungua, au panya kafia kwenye njia ya hewa. Ukifungua, kweli panya huyo hapo.

Lakini mafua ya mwaka jana yalimwachia uhai yakaondoka na harufu zote. Siku hizi mboga zinaungua jikoni yeye kakaa papo hapo anapiga soga. Nyumbani wanajua. Wateja hawajui, na spana sasa zimeshikwa na binti yake.

Asubuhi moja akaja mshonaji wa suti na gari dogo la kijivu. Lilikuwa linanukia utamu kama asali iliyochemshwa. Ameosha viti, ametundika marashi, wapi! Na kesho anampeleka mama yake kwa mjomba, safari ya milima mitupu.

"Nitaingia mimi, kaka," binti akasema.

"Dada yangu, usikasirike. Mimi nimemfuata Pua."

Sifa ni ulevi. Mzee akaingia, akafunga vioo, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Hewa tupu. Akatoka na uso wa hakimu.

"Mtoto wako kamwaga soda."

"Mzee, mimi sina mtoto."

"Basi wa jirani."

Mafundi wakacheka. Binti hakucheka. Akasema taratibu, "Baba, niruhusu ninuse, wewe uniangalie kama nafuata ulivyonifundisha."

Mzee akamtazama. Mtoto alikuwa anamsitiri baba yake mbele za watu, kwa heshima zote. Na huku kuna mama wa mtu atakayepanda milima kesho.

"Mshonaji," akasema, "pua yangu imekufa. Nimeropoka. Pua iliyo hai hapa ni ya huyu."

Kicheko kikakatika. Binti akatungua marashi yale akayaweka nje, akaingia, akawasha hita, akatulia. Kisha akapitisha kidole kwenye kioo cha mbele kilichoanza kushika ukungu, kikateleza kama kimepakwa mafuta. Akainua zulia chini ya miguu ya abiria: majimaji. Akayanusa.

"Hii si soda. Ni maji ya rejeta, yale yenye dawa inayonukia utamu. Nyuma ya dashibodi hita ina rejeta yake ndogo, nayo inavuja. Ndiyo maana kioo kinapata ukungu."

"Lakini maji najaza kila mara!"

"Unajaza, kaka, nayo yanahamia miguuni pa mama. Mlimani kesho injini ingechemka, na mbele usingeona."

Mshonaji akakaa kwenye tairi bila kuambiwa. Dashibodi ikafunguliwa nusu nzima, rejeta ile ndogo ikatoka na kutu ubavuni, ikaingia mpya. Mzee ndiye aliyeshika tochi, na kila alipoambiwa "inua kidogo, baba," aliinua.

Alasiri kioo kilikuwa kikavu. Mshonaji akamshukuru binti kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mzee kwa utani.

"Sasa mzee wangu, wewe hapa kazi yako nini?"

"Mimi?" Mzee akanyoosha mgongo, akapandisha sauti mafundi wote wasikie. "Mimi ndiye baba yake."