Gauni Lisilo na Akiba

Mtaani walimwita Bi Mkasi, na si kwa sababu ya ushonaji tu. Hata ulimi wake ulikuwa unakata. Kwa miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya cherehani ile ile, kwenye chumba cha mbele chenye kioo kirefu na pazia la kubadilishia nguo, na hakuna mteja aliyetoka pale bila akiba: vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono. "Mwili hauna mkataba na mtu," alikuwa akisema. "Mwezi ujao utanirudia na kiuno kingine. Bora nikuachie pa kufumulia." Kwa akiba hiyo aliwasitiri wengi, na hakuna aliyewahi kuambiwa pale kwamba amenenepa.

Sasa binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Siku alipomletea mama yake kitambaa cha zambarau, kipande cha mwisho dukani, alisimama mlangoni akichezea funguo.

"Mama, usikasirike. Mama mkwe unamwona alivyo mwembamba. Na nyie ndio mtasimama nami kwenye picha kubwa, wewe kulia, yeye kushoto. Ile itakaa ukutani maisha yote. Jitahidi kidogo, basi."

Kidogo! Mtoto aliyembeba tumboni, aliyempanua kiuno hicho hicho, leo anamwambia ajitahidi kidogo. Maneno yalimchoma. Lakini mwanamke yule aliyezoea kuwafunga midomo wateja wakorofi kwa sentensi moja, alisema tu, "Sawa, mwanangu." Alichotaka ni kimoja: kusimama pale kulia.

Mteja wake mmoja, muuza vipodozi, akamtia maneno. "Siku tatu maji matupu, shoga yangu. Hakuna chai, hakuna tunda. Mimi nilipungua kilo nne, mume wangu akaanza kunichunga."

Basi hapo ndipo akili ilipomruka. Kabla hata hajaanza kufunga, Jumapili mchana, alilikata gauni kwa kiuno alichokitaka, si alichokuwa nacho. Alipomaliza kushona, ile akiba ya vidole viwili akaipitishia mkasi yote, karibu kabisa na uzi, vipande akavitupa kapuni. Nikiiacha nitajidekeza, alijiambia. Jamani! Fundi aliyewahurumia watu wote akakosa huruma kwake mwenyewe.

Jumatatu ilipita kwa ubishi. Jumanne kichwa kikamgonga, na harufu ya vitunguu kutoka kwa jirani ikamtoa machozi. Akamfokea bure mtu aliyeleta shati la kutiwa kifungo. Jumatano kila akiinuka anaona nyotanyota. Alishona mkono wa blauzi ya watu nje ndani, akaufumua huku akicheka peke yake. Mdogo wake, aliyekuja kusaidia maandalizi, alimkuta amelalia meza ya kukatia, chupa ya maji mkononi.

"Dada, utakufa kabla ya harusi. Kunywa hata uji."

"Niache. Wewe umezaliwa mwembamba hivyo ulivyo, utajua nini?"

Alhamisi asubuhi zipu ikapanda. Ilipanda kwa taabu, pumzi imebanwa, lakini ilifika juu. Bi Mkasi alijitazama kiooni, akageuka huku, akageuka kule, kisha akampigia binti simu akilia kwa furaha. "Limeingia, mwanangu!"

"Hongera, Mama! Nilijua utaweza."

Siku hiyo akanywa uji. Ijumaa akala kama watu wengine wanavyokula. Hakula kwa pupa, tusimsingizie. Ila yale yaliyomtoka yalikuwa maji zaidi ya kitu kingine, na maji yalirudi yalikotoka.

Jumamosi, siku ya harusi, zipu ikakwama katikati ya mgongo. Mdogo wake akavuta, msusi aliyekuja kumpamba binti akavuta, wakambana huku na huku. Haikwenda. Akalivua, akaligeuza ndani nje, na vidole vikaanza kupapasa mishono kutafuta pa kufumulia, kwa mazoea tu. Hapakuwa na kitu.

Binti alikuwa amekwishapambwa. Akatazama saa. "Mama, mpiga picha anangoja, na zambarau ndiyo inayoendana na gauni la mama mkwe." Akaangalia pembeni. "Mama mdogo si anaweza kulivaa? Kwenye ile picha tu. Wewe vaa lile lako la kijani, utakaa mbele kabisa."

"Aa, si vizuri," alisema mdogo mtu, na mikono yake tayari iko kwenye vifungo vya blauzi.

Likamwingia bila shida. Tena likampwaya kiunoni. Wote wakamgeukia Bi Mkasi. Kwani fundi hapo alikuwa nani mwingine? Roho ilimuuma, ikamuuma kweli. Akapiga magoti nyuma ya mdogo wake, pini mdomoni, akalibana kila upande, akashona kwa mkono. Kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikilaza vizuri ndani ya mshono, vidole viwili kamili, akakiacha.

Akakata uzi kwa meno.

"Nenda," alimwambia. "Wewe unasimama kulia."