Majani Nyuma ya Mama

Mama huchuna majani ya chai kwa mikono miwili, na ikijaa huyarusha juu ya bega yaingie kwenye kikapu mgongoni bila kuangalia. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Hakuwahi kukosa.

Mwaka huu, mvua ilipoanza, nilikuwa nachuna nyuma yake nikaona majani chini, kwenye mstari aliopita. Nilidhani kikapu kimetoboka. Jioni nilikishona kwa kamba ya nailoni bila kumwambia, maana mimi si mtu wa kusema sana. Kesho yake majani yalikuwa chini tena, mengi kuliko jana.

Ndipo nikatazama mkono wenyewe. Ulipanda hadi kwenye sikio ukakwama hapo, kisha akafungua vidole tu. Mengine yaliingia, mengine yakaanguka. Nilishtuka kama nimeona mtu mgeni ndani ya nguo za mama. Hajafika hata miaka sitini.

Nilijua anachoogopa. Baba alishasema kwamba mama akichoka yeye atatafuta mtu wa kuchuna badala yake, na mama akamjibu kwamba akikaa nyumbani ataoza. Kwa hiyo wiki nzima niliokota majani yake nikayatia kwenye kikapu changu.

Ijumaa, jirani yetu anayechuna shamba linalopakana na letu akaniona.

"Mama, huyu kijana wako anaokota kama kuku. Humlishi?"

Mama akageuka. Shingo haikugeuka. Aligeuka mwili mzima, miguu kwanza, pamoja na kikapu. Hilo pia sikuwa nimelijua, na tunaishi nyumba moja. Akaona majani mkononi mwangu.

"Tangu lini?" akauliza polepole.

"Wiki moja."

"Na baba yako?"

"Sijamwambia."

"Inua mkono wako."

Niliuinua mpaka juu, mara moja, bila kufikiri. Akautazama kwa muda mrefu hadi nikaona haya, nikaushusha.

Alitaka kuvua kikapu, lakini mkono ulikataa kutoka kwenye kamba. Nikamtolea. Akaniambia nikifunge kiunoni mwake, upande wa kushoto, na kikianza kuwa kizito nimimine majani kwenye kikapu changu.

Jirani akacheka. "Leo umebeba mtoto?"

"Huyu halii," mama akasema, akaendelea kuchuna.

Hakurusha tena. Alidondosha tu, na hakuna jani lililoanguka, ingawa tulienda polepole sana. Jirani alishaondoka kwenda kituo cha kupimia majani tukiwa bado na mistari miwili.

Baba alikuja kututafuta. Alisimama mwisho wa shamba akiangalia kile kikapu kiunoni. Nilitamani kujificha kati ya miti ya chai. Mama hakuinua kichwa.

"Umechelewa kuja kubeba," akamwambia.

Baba alibeba kikapu changu kilichojaa, akatangulia kituoni. Hajatafuta mtu wa kuchuna, mpaka sasa.