Vitabu Vilivyoanikwa Uani

Nilipoajiriwa kuwa msaidizi katika maktaba ya serikali pale Kilosa, nilikuta wasomaji wetu karibu wote ni wanafunzi wa sekondari. Hawakuja kuazima vitabu. Walikuja na madaftari yao, wakatumia meza zetu na utulivu wetu, wakaondoka. Mkutubi, mama wa makamo mzaliwa wa Kidete, hakuwa mtu wa maneno mengi. Tulikuwa wawili tu, na zilikuwepo asubuhi zilizopita bila kuambizana kitu zaidi ya salamu.

Masika moja Mto Mkondoa ukafurika. Tulipofungua mlango tulikuta tope limetanda sakafuni na vitabu vya rafu za chini vimeloa. Mkutubi alivua viatu, akaingia, akainua kitabu kimoja. Kikamkatikia mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilimtazama usoni nikidhani atalia. Alisema tu, "Nenda katafute mikeka."

Niliazima mikeka kwa majirani, na jua lilipochomoza tukaanika uani. Kitabu kilicholowa hakitaki kuachwa. Usipozitenganisha kurasa mapema, zinagandamana na ndiyo basi. Kazi ilituzidi. Mama aliyeuza maandazi ng'ambo ya barabara alitutazama kwa muda, kisha akafunika ndoo yake, akavuka.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyesheni mnavyofanya."

Mkutubi alimpa kijiti na kumwonyesha. Alishika haraka, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Baadaye nikaona ametulia kwenye kitabu kimoja cha ufugaji wa kuku, ukurasa haugeuzwi.

"Kuku wangu waliisha wote kwa kideri," alisema. "Kumbe kuna chanjo, wanatiwa matone jichoni. Hiki kitabu kilikuwa humo ndani siku zote?"

"Siku zote," mkutubi akajibu.

"Na mimi nikipita hapo mlangoni kila siku. Nilijua humo ni mwa wanafunzi."

"Hatukuwahi kukukaribisha," mkutubi akasema.

Tangu siku ile mkutubi alibadilika. Vitabu vilivyopona hakuvirudisha vyote ndani. Aliomba ruhusa kwa wakubwa, tukavipanga kwenye makreti ya soda, tukapanda basi hadi Mikumi. Tuliweka meza kando ya barabara kuu, karibu na vibanda vya chakula, mahali malori yanaposimama. Mwanzoni watu waliuliza bei. Dereva mmoja wa lori alifungua kitabu cha kilimo cha vitunguu, akasoma amesimama mpaka chakula chake kikapoa.

"Sasa dada, serikali ikiniazima bure, inataka nini kwangu?" alimuuliza mkutubi.

"Inataka ukirudishe."

Akacheka, akaandikisha jina. Wiki kadhaa baadaye tulimkuta palepale akitusubiri na kitabu chake, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wengine hawakurudi, na mkutubi hakuwasema.

Ulipoitishwa mkutano wa kata, ulifika wakati wa wananchi kutoa kero. Wa kwanza walisema maji, wa pili barabara. Kisha akasimama mama wa maandazi.

"Mimi naisemea maktaba," alianza, na watu wakageuka kumwangalia. "Rafu ziinuliwe, maji yasizifikie tena. Na hawa wawili waongezewe mtu. Wakienda Mikumi, hapa mlango unafungwa, na sisi tunao watu wanaotaka kusoma."

Mkutubi alikuwa ameketi pembeni yangu. Aliinamisha kichwa, akapangusa macho kwa ncha ya khanga. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona hivyo.

Rafu ziliinuliwa. Mtu wa tatu hajaletwa hadi leo. Mkutubi alistaafu, akarudi Kidete kulima, na kiti chake nakikalia mimi. Siku za gulio huja wakulima kutoka Kisanga. Baadhi yao hawajui kusoma, kwa hiyo mmoja huwasomea wenzake kwa sauti. Wanafunzi walilalamika kuwa wanapigiwa kelele. Nikawatolea wakulima benchi barazani, na huko wanasoma, wanabishana, wanarudia sentensi wasiyoiamini.