Mawe Safi ya Mwanarusi

Mwanarusi alifua shuka za hoteli yetu ya Galu kwa miaka kumi na tisa, na mimi nilizipiga pasi pembeni yake kwa kumi na miwili. Kwa hiyo nikisema hakuna mwanamke msafi kama yeye kutoka Diani hadi Msambweni, nasema ninalolijua. Ukienda kwake waona haya kuukanyaga ua.

Mwaka huu chumba cha kufulia kilifungwa, shuka zikawa zachukuliwa na gari la watu wa Ukunda. Mimi nilipata nafasi jikoni. Mwanarusi alibakiwa na kitu kimoja tu: tangi jipya la samaki pale mapokezi, sanduku la kioo refu kama kitanda, lenye maji ya bahari, mchanga na mawe makavu. Meneja wetu, Lewis, kijana wa bara, alimwambia wazi kwamba wageni wa Desemba wakikuta samaki wazima humo, kazi ya tangi ni yake ya kudumu. Wasipowakuta, mkataba umekwisha.

"Yako ni usafi tu, mama," alisema. "Kila asubuhi weka hii chakula kidogo, alafu upime maji. Rangi ikikuwa manjano, tunaleta samaki."

Fundi aliyelijenga tangi aliacha karatasi ya maelezo. Lewis alisoma mistari miwili akaitia kwenye droo.

Basi Mwanarusi akawa analisha samaki wasiokuwapo.

"Wageni wako wameshiba?" nilimtania.

"Wameuliza kama hakuna wali," akanijibu.

Kisha huchukua kichupa cha kupimia, husema bismillahi, hutia maji ya tangi na matone ya dawa ya kupimia. Kijani. Kijani maana yake ni amonia, sumu itokayo kwenye kile chakula kikioza, na samaki hawezi kuishi ndani yake.

Alipoona kijani alifanya lile alilolelewa nalo. Kila jioni aliyatoa mawe akayasugua kwa makumbi ya nazi mpaka ute wote ukatoka, akayasuuza bombani. Sponji ya kuchujia maji akaikamua papo hapo. Makumbi nilimletea mimi kutoka nyumbani, na nikamsifu. Wiki sita zikapita, kila asubuhi kijani. Akazidi kusugua, akaanza kukonda.

Wiki ya saba nikamleta Swabir, mwana wa jirani yangu, ambaye hutunza matangi kwenye majumba ya watu huko Diani. Alitia mkono majini, akapitisha kidole juu ya jiwe.

"Niambie nimekosa wapi, mwanangu," Mwanarusi alimwambia.

"Mama, haya mawe ni safi mno." Alisema polepole, kama mtu aliyeleta habari ya msiba. "Kuna wadudu wadogo wasioonekana, ndio wanaoila hiyo sumu. Hukaa kwenye mawe na kwenye sponji, na ule ute ndio makao yao. Maji ya bomba yana dawa, yawaua. Kila jioni waliondoka, asubuhi wakaanza upya."

Mwanarusi alitazama mikono yake. "Na sasa?"

"Sasa usiguse. Wiki tano, sita."

Wageni walikuwa waje baada ya siku kumi na nane.

Nilikwenda ofisini nikiwa nimemkasirikia Lewis na kujikasirikia mwenyewe. Aliitoa ile karatasi. Mstari wa tatu ulisema mawe yasioshwe.

"Hata mimi sikujua," alisema. "Na wageni hawawezi ngoja."

Mwanarusi hakugusa kitu. Nadhani hizo ndizo siku zilizomwumiza kuliko zote. Kioo kilifanya utando wa kahawia, watu wa mapokezi wakakunja pua, naye akaketi mikono ameificha ndani ya leso.

Siku ya kumi na saba aliniita mbio, nikatoka jikoni na unga mikononi. Maji kichupani hayakuwa kijani tena, wala hayajawa manjano. Yalikuwa na rangi ya ndimu inayoanza kuiva.

"Wamekuja," aliniambia, na machozi yakamtoka.

Saa nne Lewis akafika na mtu wa mapambo. Walikuwa wameshaamua: maji yamwagwe, watie makombe ya baharini na taa. Mwanarusi alimwonyesha kichupa.

"Imebadilika, baba. Nipe wiki mbili tu."

"Wageni ni kesho, mama. Toa maji, osha hizo mawe ziwe nyeupe."

Aliniomba makumbi. Nilimwambia sina, nami nilikuwa nimetoka kufua nazi sita. Aliingia jikoni akayachukua mwenyewe.

Alilishika jiwe la kwanza akalipapasa kwa muda. Lilikuwa na ute. Kisha akasugua, moja baada ya jingine, mpaka yakang'aa yote. Lewis alipopita alisimama akatabasamu.

"Sasa hii ndio safi."

Mwanarusi alimshukuru, akauliza aiache wapi ndoo.