Wajukuu Walioninyamazia

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kuwaona wajukuu, na subira ya kuwavumilia.

Tulikuwa Mnazi Mmoja, ndani ya basi la Morogoro lililokuwa likingoja abiria. Wajukuu zangu, Zuhura na Hamisi, walikuwa wakipigana viwiko na kupiga kelele. Nikawaonyesha gari la betri nililonunua Kariakoo, siku zile maduka yalipoanza kujaa vitu vya Dubai.

"Atakayenyamaza mpaka Chalinze ni lake. Asiseme na mtu yeyote!"

Wakanyamaza papo hapo. Nikajipongeza kwa hekima yangu, nikashuka kununua maji.

Niliporudi, mama mmoja wa makamo alikuwa amewainamia.

"Mzee, hawa ni wako? Hata shikamoo hawanipi."

"Ni wajukuu zangu."

"Eti wanangu, huyu ni babu yenu?"

Wakamkodolea macho, midomo wameibana. Abiria wakasimama, mmoja wao akapaza sauti:

"Kondakta, usiondoe gari! Mzee kaiba watoto!"

Nikawageukia wajukuu. "Semeni, wanangu! Mchezo umekwisha, nyote mmeshinda!"

Zuhura akatikisa kichwa. Hamisi akashindwa kuvumilia. "Babu, unatutega ili usitupe gari!"

"Hamisi kasema!" akaruka Zuhura. "Gari langu!"

Basi zima likaangua kicheko, isipokuwa yule mama.

"Kumbe babu yao kweli. Na wewe mzee unafanya kazi gani?"

Nikajibu kwa sauti ndogo, "Nafundisha watoto adabu, madrasa."

Wewe unayesoma, Mungu akufikishe salama uendako, na akujaalie watoto wa kukuamkia.