Sakafu ya Tela la Mama Vioo

Mtaa mzima ulimwita Mama Vioo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, meza iliyotandikwa zulia kuukuu, na vioo vimesimamishwa ukutani kama watu kwenye foleni. Kazi aliirithi kwa baba yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi: anapitisha kisu mara moja tu, anagonga kwa kidole, kioo kinaachana kama biskuti.

Shida ilikuwa njiani. Alizoea kukodi pikapu, na madereva wa pikapu walikuwa hawana simile. Kioo kinatoka karakana kizima, kinafika kwa mteja chenga. Siku kioo cha mlango wa duka kilipofika kimekuwa chembechembe, dereva alimtazama bila haya akasema, "Mama, si kilikuwa chembamba?"

Alirudi nyumbani amefura. "Tunatengeneza tela letu," alimwambia mumewe. "Gari lako litavuta."

Mumewe alikuwa dereva mstaafu, na gari lake dogo alilidekeza kama kitinda mimba. Akakuna kidevu. "Ukilitwisha mzigo mzito, mke wangu, litakata roho."

"Basi halitakuwa zito."

Fremu haikuleta maneno. Mdogo wa mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitafuta ekseli na springi za gari lililokufa, akaunga chuma kikanyooka kama rula. Kila aliyepita alisifu, naye akavimba kichwa. Ugomvi ulianzia kwenye sakafu.

"Hapa, shemeji, tunalaza bati nene, lile lenye vinundu," alisema fundi. "Utawarithisha wajukuu."

"Wajukuu watarithi chenga. Mimi nataka mbao."

"Mbao ni za vitanda, shemeji!"

"Kwani wewe unalala juu ya bati?"

Mume aliangua kicheko. Mdogo wake akamkata jicho.

Mama Vioo hakutaka kushinda kwa mdomo. Alitoa mabaki ya vioo yasiyouzika, akayasimamisha kwenye kiegemeo cha mbao, akamwambia fundi alaze bati bila kulichomelea kwanza. Wakazunguka njia ya vumbi nyuma ya soko. Bati lilipiga makelele hadi watu wakachungulia madirishani. Waliporudi, vioo viwili vilikuwa na nyufa.

"Hilo ni kosa la dereva," fundi alisema. Akashika usukani mwenyewe, akaenda pole kama amebeba mayai. Kikapasuka kingine. Akashuka, akakagua tairi, akakagua springi, akakagua hata mawingu.

Mume naye akapata wazo: plaiwudi. Walikuwa na kipande stoo. Kilikuwa chepesi, kilikaa kimya, na vioo vilirudi vizima. Mwenye wazo akatembea kifua mbele siku nzima. Lakini mvua ilinyesha kipande kikiwa nje, kingo zikavimba, tabaka zikaachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mama Vioo aliweka goti katikati, kikabonyea.

"Hiki kitatusindikiza hadi mvua ya pili," alisema. "Twende kwenye mbao."

Alikwenda mwenyewe kwa wauza mbao. Akagonga ubao mmoja mmoja, akakataa zenye mafundo, akakataa mbichi, akachukua kavu zenye unene wa kidole gumba. Akazilaza kwa urefu wa tela, akiacha mwanya wa kupitisha penseli ili maji na mchanga vidondoke. Chini alizipaka oili chafu. Hakutaka misumari, akafunga kwa bolti.

"Ubao ukioza, nafungua huo mmoja tu," alimwambia shemeji yake. "Bati likila kutu, nianze kukubembeleza uje na mashine."

Kwenye kuta za tela alishindwa, na alikubali. Yeye hakutaka kuta kabisa, alitaka kiegemeo cha vioo, basi. Mumewe ndiye aliyeuliza, "Na mchanga wa kibaraza? Na godoro la binti yetu akihamia kwake?" Fundi akaona nafasi ya bati imerudi. Akaambiwa bati refu litashika upepo na kulivuta gari huku na huku. Akazunguka tela mara kadhaa. Kisha akakata vipande vya bomba la mraba, akavichomelea pembeni mwa fremu vikiwa vimetazama juu.

"Nguzo za mbao zinatumbukia humu," alisema. "Ukibeba mchanga, unatandika turubai sakafuni, unapanga mbao zimebanana. Ukibeba vioo, unachomoa zote."

Mama Vioo alichomeka, akachomoa, akachomeka tena. "Shemeji, hapo umenipata." Uso wa fundi ukang'aa.

Kazi ya kwanza ilikuwa madirisha ya zahanati mpya upande wa pili wa mji. Alitandika vipande vya mpira wa tairi bovu chini ya vioo, akaketi kando ya mumewe, shingo imegeukia nyuma njia nzima. Walipofika, msimamizi wa ujenzi alipitisha macho kutoka kioo hadi kioo.

"Mama, vyote vizima?"

"Ulitaka viweje?"

Mumewe, kwa furaha, aligeuka kumpa msimamizi mkono. Kiwiko kikagonga kioo. Kaa! Mama Vioo akatazama vipande, akacheka hadi akafuta machozi.

"Barabara imetuheshimu, mume wangu. Kiwiko chako ndicho hakina adabu." Akachagua kipande kikubwa, akakikata kwa dirisha la choo.

Siku hizi anaendesha mwenyewe, maana mumewe alichoka kuambiwa "polepole" kila kona. Shemeji yake ana oda za tela hadi anazikimbia, na wateja huwaambia sakafu ya mbao ni ubunifu wake. Mama Vioo amewahi kumsikia kwa masikio yake akijisifu hivyo. Alimpigia honi, akapunga mkono, akaendelea na safari. Alikuwa na vioo vya kupeleka.